Upepo Hauna Macho

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana kati yenu kuna mtu anayenizidi umri, lakini daktari hakuniachia neno jingine. Kifua changu na spiriti ya kuoshea brashi havielewani tena. Ijumaa iliyopita nilikunja aproni, nikamkabidhi Jules ufunguo wa karakana, nikapanda basi. Hakuna aliyetoa hotuba. Mashine ya stika ilikuwa inanguruma, na hotuba isingesikika.

Ninawaandikia nyinyi mlioingia mwaka huu, ambao brashi mliyoizoea ni ile ya kupangusia vumbi kwenye kompyuta. Sisemi kwa ubaya. Mashine inaandika herufi zilizonyooka kuliko zangu, tena haikohoi. Ila Jules ameniambia kwamba wiki ijayo mtakwenda kwa Abdi, kwenye ile hoteli ya tambi pale Stratford Road, kubandika menyu mpya ukutani, na kwamba stika itakaa katikati ya ukuta wa dhahabu kwa sababu pako wazi. Kabla hamjabeba ngazi, someni hii. Ni ndefu kidogo. Nina wakati sasa.

Nilikuja karakana hii ya kuandika mabango nikiwa nimemaliza shule bila kumaliza chochote. Tulikuwa tumetoka Nakuru, mimi na mama, na kila karatasi ya mtihani ya nchi hii iliniona nikija ikajiandaa. Mama alikuwa akifanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, analala mchana, na mimi nilikuwa nazurura Bordesley Green nikichora nyuso za watu kwenye vioo vya basi vyenye mvuke. Fundi aliyenipokea ni Papa Déo, baba mkwe wa huyu Jules wenu. Mtu wa Lubumbashi, mfupi, kofia ya sufu jua na baridi. Kiswahili chake kilikuwa na "mu" kila mahali, "ba" pa "wa", na "njo" pa ndiyo na ndiye, kama chai ya mtu asiyepima sukari.

"Jina lako?" aliniuliza.

"Nyambura."

"Maana yake?"

"Kwetu ni wa mvua."

Akafikiri. "Mvua. Muzuri. Utaosha brashi."

Nikaosha brashi. Sikutegemea kwamba kuna namna ya kuosha brashi, lakini ipo, na watu wamefukuzwa kwa kutoijua. Husugui. Unaitembeza kwenye kiganja, kwenye spiriti safi, mpaka spiriti itoke bila rangi, halafu unaipaka mafuta kidogo na kuinyoosha nywele kwa vidole kama mtoto wa siku ya picha. Hizo brashi ndefu zilizo kwenye kopo la bluu, ambazo mmoja wenu alikuwa akikorogea kahawa, zina umri mkubwa kuliko wewe. Basi tu nimesema.

Baada ya kuosha nikapewa kioo na kuambiwa niandike O. Asubuhi O, mchana O, jioni unafuta kwa kitambaa na kesho unaanza O. Mkono wa kulia unashika brashi na unaegemea fimbo, na fimbo ina kichwa cha kitambaa ili isikwaruze ukuta. Hilo nililijua haraka. Kilichonishinda ni kupumua. Nilikuwa nikipumua katikati ya mstari, na mstari ukawa unatetemeka kama mtu anayesema uongo.

"Mustari moja, mupepo moja," Papa Déo alisema. Mupepo kwake lilikuwa neno la kila kitu kinachovuma: upepo wa nje, feni, pumzi ya mtu. "Unavuta mupepo, unashika, unachora, unaachia. Kama mupepo inaisha mbele ya mustari, mustari iko murefu sana kwako. Chora ndogo."

Ndivyo nilivyojifunza kazi, na ndiyo maana kifua kilipoharibika, kazi iliharibika nayo. Mengine yote mkono unaweza kuyafanya umechoka.

Sasa niwaambie kuhusu ule ukuta.

Ilikuwa mwaka mmoja hivi baada ya kura ya kutoka Ulaya. Kazi za mkono zilikuwa zimepungua. Wenye mabucha na maduka ya nguo walikuwa wamegundua stika, na sisi tulibaki tukirekebisha herufi zilizobanduka za majirani. Papa Déo naye alikuwa ameanza kushika vitu karibu na pua. Alisema ni taa za karakana. Tukabadilisha taa. Akasema ni taa mpya.

Abdi akaingia siku moja na mkeka wa plastiki, ule wa kuwekea sahani mezani. Abdi ni Msomali aliyelelewa Eastleigh, akaishi Uholanzi akiosha vyombo kwenye mkahawa wa Wajapani, akaja huku na ndoto ya kupika tambi za Kijapani na supu ya kuku halali. Mimi watu wenye ndoto za namna hiyo nawapenda bila kuuliza maswali.

"Papa, nataka hawa wawili. Ukuta mzima."

Kwenye ule mkeka kulikuwa na dhahabu tupu, na viumbe wawili, kila mmoja kwenye pembe yake ya mbali. Wa kulia alikuwa wa kijani, anakimbia hewani, ameshika juu ya mabega mfuko mkubwa uliojaa upepo. Wa kushoto alikuwa mweupe, amezungukwa na duara la ngoma. Wote wana pembe, wana meno, wanacheka.

"Hawa njo banani?" Papa Déo aliuliza, pua ikigusa plastiki.

"Yule wa kijani ni wa upepo, huyu ni wa radi. Ni hadithi za zamani za Wajapani. Kule nilikokuwa naosha vyombo walikuwa ukutani. Nikichoka nawaangalia."

"Balikuwa banakusaidia?"

"Hapana. Lakini walikuwa wanafanya kazi kwa bidii kuliko mimi."

Papa Déo akacheka, akakubali, na Abdi alipotoka akanipa ule mkeka. "Upepo, radi, na mvua anaosha brashi," alisema. "Apana. Mara hii mvua njo atachora."

Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimebadilisha zile taa mwenyewe.

Nilikuwa sijawahi kuchora mtu mzima, miguu na yote, ila nyuso tu kwenye mvuke wa vioo vya basi. Nilinunua karatasi ya kutandika ukutani, nikaitandaza jikoni kwetu kutoka friji hadi mlango, nikaanza. Papa Déo alinifundisha kugawa ule mkeka kwa miraba ya kalamu, na karatasi kwa miraba ile ile iliyo mikubwa, halafu kuchora mraba mmoja mmoja bila kujua ni nini. Hilo ndilo gumu. Ukijua kwamba ni mguu, unachora mguu ulio kichwani mwako. Usipojua, unachora mstari ulio mbele yako. Niliona vidole vya miguu vya yule wa kijani havifiki vitano, nikadhani plastiki imechapwa vibaya, nikamwongezea.

"Nani alikuomba?" Papa Déo aliuliza, pua ikigusa karatasi.

"Nilimhurumia."

"Mvua, huyu anabeba mupepo ya dunia. Kidole haimusumbui."

Mama yangu alirudi kutoka kazini asubuhi moja, akawasha taa ya jikoni, akasimama na koti lake.

"Nyambura. Ni nani huyu umeniwekea hapa?"

"Ni upepo, Mathe."

Akatazama yale meno, ule mfuko mabegani. "Huyu si upepo. Huyu ni landilodi." Akapita kwenda kulala.

Tulipohamia ukutani kwa Abdi, tulipaka dhahabu kwanza. Halafu ile karatasi nikaitoboa kwa sindano kufuata mistari, tukaibandika kwa tepu, tukaipigapiga kwa soksi iliyojaa unga wa chaki. Ukiitoa, mchoro umebaki ukutani kwa vidoti, kama umepuliziwa. Nikaanza na mfuko, maana mfuko ni O kubwa na O nilikuwa naijua. Nikaja kwenye ngoma. Nikaja kwenye mikono. Macho niliyaacha mwisho.

Katikati ya ukuta ndipo tulipogombana. Nafasi ile ilikuwa inanitisha. Nilitaka niweke mlima, au ndege, au hata wingu la kusindikiza.

"Ukijaza hapo," Papa Déo alisema, "mupepo itapita wapi?"

"Wateja watasema hatukumaliza."

"Baseme. Bakule tambi."

Siku ileile nikiwa juu ya ngazi, simu ya Papa Déo ililia, akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na dhahabu. Alikuwa mama yake Abdi. Wote tulimwita Mama Hodan, kwa jina la dada yake Abdi.

"Mzee, habari ya kazi. Nasikia mnachora. Mnachora nini kwa hoteli ya kijana wangu?"

"Muzuri, Mama. Tunaweka mupepo mukubwa. Ya kijani."

"Pepo?"

"Njo. Mupepo. Iko na pembe, iko na mufuko. Na ndugu yake tunamuweka upande ingine."

"Na Abdi anajua?"

"Abdi njo alituletea."

"Astaghfirullah," alisema Mama Hodan, na simu ikakatika.

"Mama muzuri," Papa Déo aliniambia. "Anapenda dini."

Mimi nilikuwa nimezoea Kiswahili chake kiasi kwamba sikusikia kitu. Nikaendelea na ngoma.

Kesho yake Abdi alikuja na uso wa mtu ambaye hajalala. "Hooyo amekataa," alisema. Hooyo ni mama kwa Kisomali. "Anasema mlimwambia wenyewe, tena bila aibu, kwamba mnaniwekea shetani mkubwa ukutani na ndugu yake. Hakanyagi hapa. Na mimi sifungui bila yeye. Dua ya kwanza ni yake, na sambusa za kwanza ni zake. Akikataa mpaka Ijumaa, ukuta unapakwa mweupe wote. Samahani, dada. Samahani, Papa."

Papa Déo alikaa juu ya ndoo ya rangi. Hakusema kwamba ule ulikuwa ukuta wake wa mwisho, lakini alikuwa ameupaka dhahabu kwa kupapasa, na mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Nikamwomba Abdi amlete mama yake mara moja tu, hata asimame nje.

Siku hiyo nilimaliza macho. Nilidhani Mama Hodan akiyaona vizuri atampenda yule wa kijani. Nilikuwa bado na akili hiyo. Nyeupe, halafu ukingo mwekundu mwembamba, halafu nyeusi kwa pumzi moja. Nilishuka ngazini nikarudi nyuma mpaka mlangoni, na yule wa upepo akawa ananitazama mimi, Nyambura wa Bordesley Green, kana kwamba nimemwamsha. Sijawahi kuchora kitu kilicho hai kama kile, kabla wala baada.

Mama Hodan alikuja Jumatano. Mrefu, ushungi wa kijivu mpaka kiunoni, viatu vya kutembelea. Akasimama kizingitini. Nikamwendea.

"Karibu, Mama."

"Nitakaribia baadaye. Wewe ndiye ulichora?"

"Ni mimi."

"Una mama?"

"Ninaye."

"Na anajua?"

"Alimwona, Mama. Anafikiri ni landilodi."

Mdomo wake ulicheza kidogo, akauzuia. Papa Déo akaja akijifuta mikono. "Mama, sikiliza. Mupepo." Akamwaga unga wa chaki kiganjani na kuupuliza, fuuu, mpaka ukaangukia viatu vya Mama Hodan. "Mupepo."

"Huo ni upepo," alisema Mama Hodan.

"Njo nasema. Mupepo."

"Ulisema pepo. Ulisema pepo mkubwa."

"Mupepo mukubwa. Pepo ni ingine. Pepo ni ile banatoa kwa maombi."

"Hata kwetu ni hiyo. Sasa kama ni upepo, mzee, kwa nini umempa pembe?"

Abdi akaanza kucheka jikoni, sisi tukamfuata, na Mama Hodan akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nilidhani yameisha. Akaingia, akaupita ukuta polepole kutoka ngoma hadi mfuko, akasimama chini ya yule wa kijani muda mrefu.

"Umefanya kazi," aliniambia. "Hata mimi naona. Na nimeelewa, ni hadithi ya watu, si ubaya. Lakini mimi kutwa nitakuwa hapa. Nitaswali kona ile, na nikiinua kichwa huyu ananiangalia. Upepo hauna macho, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningebishana.

"Tutoe macho pekee?" Abdi aliuliza.

"Atakuwa kipofu," alisema Papa Déo. "Huyo anaogopesha zaidi." Akanigeukia. "Mvua, weye njo ulichora. Weye utasema."

Nilimwangalia Abdi, ambaye ndoto ilikuwa yake. Nilimwangalia yule mama, ambaye angesujudu chini ya macho niliyoyachora kila siku. Kisha nikasema, "Nikiwaondoa wao wote wawili, miili yote, nikaacha mfuko na ngoma?"

Mama Hodan akafikiri. "Mfuko hauna roho. Ngoma haina roho. Acha."

Abdi akarudi jikoni, tukamsikia akiosha masufuria ambayo yalikuwa bado mapya.

Kuondoa ni kazi kuliko kuweka. Andikeni hilo mahali. Dhahabu haifuniki nyeusi, inaipitisha. Nilipaka, ikakauka, asubuhi macho yakarudi, hafifu, yakitazama kutoka ndani kama mtu nyuma ya pazia. Nikapaka tena. Yakarudi. Mama Hodan alikuwa ameanza kuja na sambusa za kujaribia mafuta.

"Ameondoka?"

"Mwili umeondoka, Mama. Macho bado."

"Huyo ni mbishi. Kula kwanza."

Mwishowe Papa Déo aliniambia nizibe kwa vanishi kali ya kuzuia rangi ya chini isipenye, halafu nyeupe, halafu dhahabu. Nje kulikuwa na baridi, madirisha yamefungwa, na mkono ulipokaribia ukuta, kichwa nacho kilikaribia. Hapo ndipo nilipokohoa kwa mara ya kwanza. Nilisema ni vumbi. Papa Déo aliniangalia, mtu wa kusingizia taa. Niliwafunika wote wawili, vidole vyao vipungufu na vyote, na nilikuwa nalia kidogo, lakini kwa vanishi ile kila mtu angekuwa analia, kwa hiyo haikuleta shida.

Tulipoondoa ngazi, mfuko ulikuwa umejaa na hakuna aliyeushika. Utepe wa nguo ya yule wa kijani niliuacha, unapeperuka bila mwenyewe. Upande wa pili ngoma zilisimama kwenye duara zikijipiga. Na katikati dhahabu, wazi kabisa, kutoka mfuko hadi ngoma. Papa Déo alisogea nyuma mpaka mgongo ukagusa kaunta. Mtu ambaye kwa wiki nyingi hakuwa ameona sura hata moja nzima ya zile nilizochora.

"Sasa njo nabaona," alisema.

Abdi alifungua Ijumaa ya wiki iliyofuata, dua ikasomwa. Papa Déo siku hizi yuko kwake Great Barr, anasikiliza redio, na mimi niliendelea na kuta nyingine mpaka kifua kikasema basi. Nilichora simba wa bucha, maua ya saluni, kikombe cha chai kwenye gari la mtu. Kila mstari niliochora tangu hapo nilijifunza kwa wale wawili, na hakuna anayeweza kuwaona. Wakati mwingine hilo linanichosha kuliko kukohoa.

Jumanne nilipita kwa Abdi kula supu, kuagana na ukuta. Ilikuwa saa ya mchana, watu wachache. Mama Hodan alikuwa ametoka kuswali, akakaa meza ya chini ya mfuko, meza yake, akanisukumia sahani ya sambusa. Tukaongea juu ya kifua changu. Aliniambia ninywe tangawizi. Katikati ya maneno akavuta ushungi wake, akajifunika vizuri shingoni, akageuka jikoni.

"Abdi, funga huo mlango. Upepo."

Abdi alinitazama juu ya kaunta. Mlango ulikuwa umefungwa.

Stika ya menyu itatosha pale pembeni ya mlango, upande wa kushoto ukiingia. Nimeshapima.